Mboni ya Jicho na Taa ya Toleka

Sogea karibu nikueleze, maana jambo hili si gumu ukilishika taratibu. Mboni ni ule mviringo mweusi katikati ya jicho. Ukiumulika, husinyaa, ukiondoa mwanga, hupanuka. Mtu aliyeumia kichwa tukimlaza kwa dawa ili degedege limwachie, mikono na miguu haijibu hata ukimfinya. Mboni huendelea kujibu. Ikinyamaza, matumaini hupungua sana.

Miaka ya vita nilikuwa muuguzi Kisangani. Petroli ilikuwa imeadimika, watu wakibebwa kwa baiskeli tulizoziita toleka. Mwendesha toleka mmoja aliangukiwa na ukuta uliopigwa bomu. Siku ya tatu ya usingizi wa dawa nilimulika macho yake kwa tochi asubuhi: kimya. Nikaenda, nikarudi, nikamulika tena. Sikuweza kukaa. Milio ya bunduki ilikuja na kupotea, na kaka yake alikuwa ameshafunga mtumbwi ukingoni mwa mto, ampeleke ng'ambo, Lubunga, akafie kwao. Kila nilipopita aliniuliza kama wanaweza kumbeba.

Mke wa mgonjwa alikuwa akikusanya vyombo vyake. Aliniona nikianika betri za tochi dirishani zipate nguvu kidogo, akaacha sufuria.

"Papa, jaribu kwangu kwanza," akasema. "Mimi niko muzima."

Tukaziba dirisha kwa kitenge chake, nikammulika. Mboni yake haikusinyaa. Niliona haya: ule mwanga wa njano nilikuwa nimeuamini asubuhi nzima.

Shemeji yake, yule kaka wa mgonjwa, akatoka, akarudi akisukuma toleka ya mgonjwa. Akaipindua kando ya kitanda, akazungusha pedali kwa mkono, akinung'unika kwamba huyu ndugu yake hata akilala anamtafutia kazi. Dinamo ikalia, taa ikawaka nyeupe. Nikaifungua kwenye usukani, nikaivuta na waya wake, nikainua kope. Mboni ikasinyaa, polepole. Jicho la pili vilevile.

Niliwaambia wote wawili kwamba hiyo si ahadi ya kuamka. Ni sababu ya kusubiri. Mtumbwi ukavuka bila yeye. Alipoamka, siku kadhaa baadaye, aliuliza ni nani aliyefungua taa yake.

Kabla hujasema jicho la mgonjwa limezima, tia giza chumbani na umulike kwanza jicho la mtu mwenye afya. Lisipojibu, tafuta taa nyingine.