Ushahidi Wangu Juu ya Shoka

Najua nikimaliza kusimulia hili mtaniangalia kwa jicho jingine, na sitamlaumu mtu, maana hata nikiwa peke yangu dukani nikikumbuka najikuta nimejifunika uso kwa mtandio na wala hakuna anayenitazama. Lakini acheni niseme tu, nipumue. Mimi Zuhura, mtu mzima wa miaka arubaini kasoro miwili, muuza mabuibui hapo katikati ya mji, mtoto wa mwalimu wa madrasa, nilimharibia kijana wa watu riziki yake kwa sababu sikutaka kuonekana mjinga kwenye grupu la simu.

Kwanza mjue niliingiaje kwenye mambo ya gemu (najua mnajiuliza). Kibanda changu kimepakana na cha Otieno, ambaye ana skrini nne na makochi mawili, vijana wanakuja kwake kucheza mpira wa kwenye skrini, na kati yetu ni ubao tu, kwa hiyo kelele zao zote zinaishia kwangu. Mwaka wa kwanza nilikuwa nagonga ubao wanyamaze, mwaka wa pili nikaanza kuchungulia, mwaka wa tatu nikawa nafunga duka mapema kwenda kutazama mashindano, buibui langu mwilini na skafu ya mashabiki shingoni. Mchezaji wangu alikuwa mmoja, Shoka. Kwao anaitwa Wekesa, kijana wa mtaa wa Kabiria, mwembamba, haongei, lakini akishika kontrola hata Otieno alikuwa anamwacha mteja mlangoni akamtazame.

Basi fainali ikachezwa kwenye ukumbi mmoja mjini, na mshindi ndiye angesafiri kwenda kucheza nje kwa niaba yetu. Shoka alikuwa anaongoza tatu kwa moja. Mimi nilikuwa nimeketi mstari wa mbele kabisa, ila Alasiri ikawa inanipita, nikaona huyu ameshashinda, acha nikaswali upesi nirudi nimwone akibeba kombe. Nikaacha skafu yangu kwenye kiti mtu asikikalie, nikapanda juu na Bi Salma, yule mama wa Mombasa anayeuza chai na mahamri kwenye mashindano, maana mlinzi alikuwa ametupa chumba cha stoo tuswalie. Tuliposhuka tulikuta ukumbi umechafuka. Shoka hayupo, kontrola iko mezani, mwenzake ametangazwa mshindi, na watu wanapiga kelele kwamba kauza mechi, katoka katikati ya mchezo bila neno akaenda zake.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipopotea. Jioni ile grupu letu la mashabiki liliwaka moto. Huyu anasema alihongwa, yule anasema huenda amepata msiba, na Otieno, ambaye ndiye anayeliongoza, akaandika: "Zuhura, wewe si ulikuwa umeketi hapo mbele? Sema venye uliona." Kabla sijajibu, kijana mmoja akaandika kwamba mathe wa buibui, yaani mimi, ataona nini, hata hajui nani anashambulia upande gani. Watu wakacheka. Ningeandika maneno mawili tu, nilikuwa nikiswali, na mambo yangeishia hapo, hata sifa ningepata. Lakini kile kicheko kiliniuma, nikaandika: "Nilimwona kwa macho yangu akiongea na mtu wa kofia nyekundu pale kwenye ngazi, akapewa kitu."

Mtu wa kofia nyekundu hakuwepo. Sijui hata nilimtoa wapi. Nimetoka kumsujudia Mola wangu saa chache zilizopita, nikakaa kitandani na simu, nikamuumba mtu mzima na kofia yake.

Na nitawaambia ukweli, nilifurahi. Mara hii hakuna aliyecheka. Wakaniuliza alikuwa mrefu au mfupi, nikasema wa wastani. Maneno yangu yakapigwa picha yakasambazwa huko na huko, na wiki iliyofuata kamati ya mashindano ikatangaza kwamba kuna shahidi aliyeona, kwa hiyo Shoka amefungiwa mwaka mzima, na akitaka kurudi ataomba, na mashabiki watapewa nafasi ya kutoa maoni yao kwanza. Hapo moyo ulinipasuka kidogo, lakini nikajiambia kama hakuhongwa si angejitetea? Hakujitetea. Alinyamaza kimya, na kunyamaza kwake kukanipa usingizi.

Mwaka ukaisha, akaomba kurudi. Jamani, mji huu uligawanyika. Ubao wangu haukutulia, asubuhi arudi, mchana asirudi, wengine wanasema adhabu ameshaitumikia mnataka afanyeje, wengine wanasema aliyeuza mechi moja atauza ya pili. Na katika hao wa asirudi, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote ni mimi. Mwaka mmoja nyuma nilikuwa shabiki wake namba moja, sasa nikisikia tu mtu anamtetea naacha mteja na kipimo mkononi nakwenda kubishana, kwa sababu nilijua akirudi watu wataanza kuuliza ilikuwaje, na wakiuliza ilikuwaje watanifikia. Uongo una kazi nyingi, lazima uulinde kila siku.

Siku ya maoni ikawa Jumamosi asubuhi, ukumbi uleule. Wa arudi wameketi kushoto, wa asirudi wameketi kulia, kama upande wa bwana na upande wa bibi harusini. Mbele yuko mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja mtaratibu wa miwani, na pembeni kwenye kiti cha plastiki yuko Wekesa mwenyewe, amekonda, mikono ameifumbata magotini. Niliingia kwa nia ya kukaa nyuma kimya, wallahi, lakini Otieno akanishika bega akaniambia, "Zuhura, sisi tunakutegemea wewe. Hao wengine wamesikia tu, wewe uliona." Nikapelekwa kwenye kipaza sauti.

Ningeweza kusema pale. Nilifungua mdomo nikiwa nusu nataka kusema. Lakini nikaona zile nyuso za upande wa kulia zinavyoningoja, nikaanza na bismillahi (hilo ndilo linaloniumiza zaidi), nikasimulia upya, na hadithi ilikuwa imekua kama mtoto aliyelishwa vizuri, maana yule mtu wa kofia nyekundu sasa alikuwa na bahasha ya kaki, na Wekesa aliitia ndani ya koti, na alitazama kushoto na kulia kabla ya kushuka ngazi. Upande wa kulia wakapiga makofi. Wekesa hakuinua uso.

Mwenyekiti akaandika andika, kisha akaniuliza kwa upole, "Mama, kuna mtu mwingine uliyekuwa naye wakati huo? Tupate wa kuthibitisha."

Nikasema hapana, nilikuwa peke yangu. Na nyuma kabisa, karibu na mlango, mkono ukainuka. Bi Salma, na chupa yake ya chai.

"Mimi nilikuwa naye," akasema, na sauti yake ilikuwa imejaa nia ya kunitetea, maskini, alidhani ananisaidia. "Huyu si mtu wa uongo, huyu namjua. Alasiri ile tulikuwa sote huko juu, tukaswali, mimi ndiye niliyemshikia mkoba. Na tuliposhuka tukakuta watu wanapiga kelele, huyu mwanangu akaniuliza, Bi Salma, kwani kumetokea nini? Nikamwambia na mimi sijui, si tulikuwa pamoja."

Akaketi, ameridhika. Ilichukua muda kidogo watu waelewe. Kisha mtu mmoja upande wa kushoto akaguna, mwingine akacheka.

Mngedhani nilikoma hapo. Sikukoma. Nikasema, "Nilimwona kabla ya kwenda kuswali." Mwenyekiti akavua miwani, akasema kabla ya hapo Shoka alikuwa kwenye kiti chake anacheza, video ipo, sote tunamwona, hakuinuka hata mara moja mpaka alipotoka. Otieno alikuwa anatazama viatu vyake.

"Sikuona," nikasema. Kipaza sauti kikalipeleka hilo neno mpaka nje kwenye ngazi.

Kuna mtu alisema "shahidi wa kofia" na watu wakavunjika mbavu, na hadi leo mjini kuna wanaoniita hivyo, na hilo nimelikubali, ni haki yangu kabisa. Laiti wangenicheka mimi tu wakaenda nyumbani. Lakini mwenyekiti alimgeukia Wekesa akamuuliza, basi kama si pesa, kijana, ulitoka kwa nini? Na Wekesa akasimama. Nilikuwa sijawahi kumsikia akizungumza maneno kumi mfululizo.

"Niliumwa na tumbo," akasema. "Nilikuwa nimekula kitu stendi asubuhi. Nilijaribu kuvumilia nimalize mechi, nikashindwa. Nikatoka mbio na sikufika chooni. Nilifunga koti kiunoni nikatembea kwa miguu hadi Kabiria, kwa sababu singeweza kuketi karibu na watu. Nikaona afadhali waniite mwizi kuliko niseme hiyo maneno. Lakini mwizi imenimaliza, ndio maana nimesema."

Walicheka. Walicheka pande zote mbili, kushoto na kulia, siku ile walikubaliana kwa jambo moja. Yeye alisimama akasubiri wamalize, kama mtu anayesubiri sindano itolewe, na mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake na kipaza sauti bado kiko mkononi mwangu, na sikusema nyamazeni.

Kamati ikamrudisha mchana uleule, jina safi, hana doa. Wiki tatu baadaye akacheza mechi yake ya kwanza kwenye ukumbi mdogo kule Jamhuri, nami nikaenda nikajibanza nyuma. Alipoingia tu, watu wakashika pua. Kipindi cha kwanza hakijafika mbali, mtu akarusha karatasi ya chooni ikabingirika hadi miguuni pake. Aliisogeza kwa kiatu akaendelea kucheza. Alifungwa manne bila, na aliyemfunga ni kijana ambaye zamani hangemsumbua hata akiwa amelala. Akampa mkono, akachukua begi lake akatoka, na safari hii hakuna aliyeuliza kwa nini.

Nilikaa na hilo siku nne, kisha Jumapili nikanunua sukari, majani ya chai na mikate miwili, nikaenda Kabiria kuomba msamaha. Nilimkuta Wekesa nje ya mlango anasugua saruji kwenye viatu vyake vya gambuti, na aliponiona akasema tu, "Karibu, mama," akaendelea kusugua. Mama yake akatoka, mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani, akanitazama buibui langu toka juu hadi chini, na uso wake ukafunguka.

"Ni wewe?" akasema. "Niliambiwa kuna mama Muislamu alisimama huko town akasema ukweli, mtoto wangu akaachiliwa. Ni wewe? Kuja, kuja ndani. Mungu akubariki." Akanishika mikono yote miwili. Wekesa aliacha kusugua. Aliniangalia, hakunisaidia wala hakunichongea, aliniachia mwenyewe.

Nilikaribishwa kiti kizuri. Nikamiminiwa chai. Na nitawaambia jambo la aibu kuliko yote niliyosema leo: nilikunywa mafunda mawili ya ile chai nikiwa bado yule mama aliyesema ukweli, na ilikuwa tamu.

Kisha nikaweka kikombe chini. "Mama, aliyesema ukweli ni mwingine, anaitwa Bi Salma. Mimi ndiye niliyesema mwanao alipewa pesa. Sikuona chochote. Nilidanganya."

Hakunifukuza. Ningependa angenifukuza. Alikunja kitambaa alichokuwa amekishika, akakikunjua, akakikunja tena. Akasema mwaka huo kijana wake alikuwa akienda mjengo huko Mutuini, anabeba mawe, jioni vidole vinavimba hawezi kushika hata kijiko, na yeye kama mzazi alikuwa akimuuliza kila siku, baba, ulichukua hiyo pesa? Kila siku. Na yeye hajibu. Mpaka ikafika mahali hata yeye mama yake akaamini.

Kisha akaniuliza, si kwa hasira, kama mtu anayetaka kujua tu. "Na huo mwaka wote, wewe ulikuwa wapi?"

"Hapo mjini, mama. Dukani."

"Hapo town?"

"Hapo hapo."

Akatikisa kichwa polepole, akasema, "Hata si mbali," akaniambia nimalize chai itapoa.

Sikuweza kuimaliza. Niliomba msamaha kwa mama, nikatoka nje nikaomba kwa kijana, akaniambia, "Ni sawa," vile watu wanasema ni sawa wakitaka uende. Nimetoka kwenye grupu, na siku hizi mteja akiniuliza kama nje kunanyesha, natoka mlangoni nikaangalie kwanza ndipo nijibu, na Otieno ananicheka kwa hilo. Wekesa hajacheza tena.