Siku Niliyouficha Upepo wa Kiuyu

Jamani, mie nishawahi kuficha upepo.

Msicheke kwanza. Upepo huu huu unaovuma. Niliuficha mchana kweupe, mbele ya mafundi wawili waliovaa kofia za plastiki, hapa hapa Kiuyu, kaskazini ya Pemba.

Naitwa Moza. Anijuaye anajua: nyumba yangu haikuwa ya kukaa tupu. Ikishaswaliwa alasiri, wanawake wanakuja barazani kwangu kusuka ukili wa mikeka. Mikono inasuka, midomo inasuka zaidi.

Nani kaposwa, nani karudishwa kwao, nani kaunguza wali wa wageni. Chai yangu, habari zangu. Raha yangu yote ya dunia ilikuwa kuona viatu vimejaa mlangoni.

Basi nikasikia kuna mradi unakuja kujenga mnara wa umeme wa upepo.

Sikusikia zaidi ya hapo. Mengine nikajaza mwenyewe.

"Wallahi nnakwambieni," nikasema, "wakikuta kwako kuna upepo, kiwanja kinakwenda hivi hivi unakiona!"

"Nani kakwambia?" akauliza Bi Asya, mkubwa wetu pale.

"Watu."

Watu wenyewe nilikuwa mie.

Na kiwanja changu, nilichorithi kwa mama, kiko juu, kinatazama bahari. Mawe matupu, hata muhogo umekikataa. Lakini upepo wake! Kuku wanatembea upande upande.

Mafundi wakaleta taarifa kuwa watakuja Jumatatu. Nikajipanga. Nikaanua nguo zote nilizoanika pale, nikazungusha kiambaza cha makuti, nikawasha koroboi juu ya jiwe, ili wauone moto umesimama wima.

Wakaja. Mmoja kijana wa Unguja, Hafidh.

"Shikamoo, Bi Moza."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, ila mmepotea. Hapa upepo hakuna, joto tupu! Tazama koroboi hiyo."

Sijafunga mdomo, koroboi ikazimika. Kuti likang'oka, likampiga mwenzake Hafidh mgongoni. Kanga yangu ya kichwani ikaruka, ikanasa juu ya mti. Nikabaki nimeshika kichwa kwa mikono miwili, na bado nabisha.

"Huo si upepo. Kijipumzi tu cha asubuhi."

Hafidh akajiuma midomo. "Bi Moza, mwenye ardhi akikataa hatumlazimishi. Lakini ungetusikiliza kwanza tukakueleza..."

"Sitaki kuelezwa! Mnataka upepo, nendeni kwa Nusaiba, kiwanja kile kilichopakana na changu. Upepo uko kwake!"

Nusaiba na mie hatukuwa tunasemezana tangu arusi ya mpwa wangu, aliposema pilau yangu haina chumvi. Kweli haikuwa na chumvi. Lakini ndio useme mbele ya wakwe?

Alasiri ile baraza ilitikisika kwa kicheko. "Nimemkomesha!" nikawaambia. "Kiwanja chake kinakwenda kile!"

Hakikwenda.

Mnara ukasimama kwa Nusaiba, mweupe, panga zake tatu zinazunguka. Kiwanja kikabaki chake. Wamekikodi tu, na kila mwaka wanamlipa. Pembeni wakajenga banda lenye umeme: friza mbili kubwa na mashine ya kusaga mwani.

Zamani wavuvi wetu wakiuza pweza saa tano kwa bei ya kutupa, maana ikifika saa tisa ananuka. Sasa pweza amelala kwenye friza, na anayebembeleza ni mnunuzi wa Wete. Mwani tuliokuwa tukiuza kwa gunia, wanawake wanausaga wenyewe na kutia kwenye sabuni. Vijana wawili wa hapa wamefundishwa kuuangalia mnara, wana mishahara yao.

Na baraza yangu?

Kwanza akakosekana mmoja. "Yuko kwa Nusaiba, anasaga." Kisha watatu. Ikafika siku nikachemsha birika zima la chai, nikakaa peke yangu, nikamsengenya mtu kwa paka.

Paka naye akaondoka. Kafuata harufu ya pweza.

Nikashindwa. Nikaenda, nikijifanya natafuta kuku. Banda limejaa pomoni. Nilivyoingia, wote wakanigeukia.

Nusaiba akainua macho. "Bi Moza. Nasikia weye ndiye uliyewaleta mafundi kwangu."

Nikaona hapa pana mlango wa kuponea. Nikavaa uso wa wema. "Ah, mwenzangu, jirani ni jirani. Nilikufikiria weye kabla ya mtu yeyote."

Banda zima likaripuka. Bi Asya alicheka mpaka akashika mbavu.

"Moza," akasema Nusaiba, anafuta machozi, "nilijua siku ile ile, kabla ya magharibi. Uliwaambia wanawake kumi na wawili kuwa umenikomesha. Wanne ni jamaa zangu."

Nikatamani ardhi ipasuke. Ya kule ni mawe, haipasuki.

"Ulinitisha kweli," akaendelea. "Hafidh alipoleta karatasi sikutia saini. Nikampelekea sheha wa kijiji, nikamwambia nisomee neno kwa neno, mara tatu. Ndio nikajua ni kukodi, si kuuza. Na ile karatasi ya kwanza haikuwa na friza wala mashine. Hivyo nilivitaka mie, nilipokwisha kuuliza. Usingenitisha, ningetia dole gumba tu, basi."

Ndugu zangu, nilikaa chini bila ya kukaribishwa. Kumbe friza zilizonimalizia wageni, aliyezileta ni mdomo wangu mwenyewe!

Nusaiba akanisogezea beseni la sabuni. "Zinataka kufungwa hizo. Funga."

Nikafunga. Mpaka leo nafunga, na wenzangu wa banda ndio walionipa ruhusa ya kukuhadithieni haya.

Habari nusu ikikufikia, usiimalizie kichwani mwako. Ipeleke kwa anayeijua, uulize. Mie na Nusaiba tulisikia habari moja. Mie nikaisambaza, yeye akaiuliza.

Yeye ana mnara. Mie nna hadithi.