Mlima Niliouchora Kutoka Kitandani

Mwaka jana, msimu wa kupandikiza mpunga, nilipelekwa Madibira kuchora. Mwenye mashine moja ya kukoboa alitaka picha kubwa ya mashamba aitundike ofisini kwake. Nilishuka kwenye pikapu na vitu vyangu vyote, nikaweka kiti cha kukunja juu ya tuta, nikakaa, nikatazama. Kijani mpaka mwisho wa macho, maji yanang'aa kama mabati mapya, na hakuna mahali popote ambapo jicho lingeweza kuegemea. Nikachora mstari, nikaufuta, nikachora mwingine, nikaufuta. Nikakunja kiti, nikarudi ndani ya gari, nikapandisha kioo. Humo ndani, kwenye joto, nikiyachungulia mashamba kupitia kioo, mstari wa kwanza ukakaa, nikaendelea kuchora.

Mama mmoja aliyekuwa anapandikiza akatoka kwenye maji, akaja kugonga kioo.

"Dada, unaumwa?"

"Siumwi, mama. Nachora."

"Sasa unachora shamba umejifungia? Si ungetoka ulione?"

Akacheka, akarudi kwa wenzake, na wote wakacheka. Mimi sikucheka. Ni zaidi ya miaka thelathini sasa nachora milima na mabonde ya huku kwetu, na picha zote hizo nimezichora nikiwa ndani: dirishani kwangu Ipogolo, ndani ya magari, kwenye vyumba vya nyumba za wageni kule Mbeya. Wanunuzi hawalijui hilo. Huniambia tu kwamba picha zangu zimetulia. Swali la yule mama lilinikaa kichwani njia nzima ya kurudi, na jibu lake ni refu kidogo. Nakusimulia wewe kwa kuwa yeye sikumjibu.

Nilikulia kwa bibi, kwenye kijiji cha juu ya Ilula, upande ambao milima imejaa mawe makubwa yaliyobebana kana kwamba yatadondoka kesho. Mama yangu alifariki nikiwa sijaanza shule. Bibi alikuwa amezika watoto wawili, mama akiwa wa mwisho, na baada ya hapo nyumbani akabaki na mimi tu, maana mjomba alikuwa akiishi mbali. Nilipokuwa na miaka tisa nilipanda mlima ule unaotazamana na nyumba yetu, nikimfukuza mbuzi aliyepotea. Jiwe likateleza. Nakumbuka mlio wa mfupa vizuri kuliko maumivu yenyewe. Wanaume wawili walinishusha kwenye blanketi, na bibi alikuja akikimbia kutoka bustanini, mikono yake imekuwa myeusi kwa utomvu wa majani ya nyanya.

Hospitali walinifunga plasta ngumu kuanzia kiunoni hadi unyayoni, nikarudishwa nyumbani kulala. Bibi alisogeza kitanda hadi dirishani. Lilikuwa dirisha dogo la mbao lisilo na nondo, na ukilifungua kinachoingia ni mlima ule ule ulionivunja, umejaa dirisha lote. Chini yake ilikuwa bustani ya bibi, kando ya kijito.

Basi nikawa nautazama. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Asubuhi za mwezi wa saba ukungu uliufuta wote, na baridi iliingia hadi kwenye blanketi. Saa nne mawe yalianza kujitokeza moja moja. Nilisikia magari makubwa yakinguruma mbali kule barabarani, mchi wa jirani yetu, mgema wa pombe ya mianzi, ukitwanga mahindi, na bibi akikohoa kwa moshi wa jikoni. Nilijua saa kwa kivuli cha mlima kilipofika kwenye matuta. Kabla ya mvua, miti ya kule juu ilichipua majani mekundu, na kwa wiki mbili mlima ulionekana kama unawaka.

Siku moja nilichukua mkaa, nikauchora mlima juu ya plasta, pale pajani. Ukuta ulifuata. Bibi alipoona aliguna, lakini kesho yake aliniletea udongo mwekundu kwenye kopo, na mwingine wa njano alioutoa kando ya kijito. Kijani nilikipata kwa kusugua majani. Mpaka leo nikianza picha naanza na rangi ya udongo peke yake, ndipo majani, na anga naliweka mwisho kabisa, kwa kuwa anga ndilo lilikuwa dogo kuliko vyote dirishani kwangu.

Ilipofika siku ya kukata plasta, daktari aliipasua vipande viwili akaitupa kwenye ndoo. Nililia. Alidhani nimeumia. Nilikuwa nalilia mlima wangu. Akamwambia bibi, "Mtembezeni kidogo kidogo, baada ya mwezi arudi shule."

Mwezi ukaisha. Bibi akasema mfupa bado mbichi. Wa pili ukaisha, akasema tungoje mvua ipite. Mvua ikapita, akasema njia bado ina utelezi. Akienda bustanini alifunga mlango kwa nje, akaniachia uji, viazi vya kuchemsha na kikombe cha maji. Ndani nilitembea kwa kushika ukuta, kisha bila kushika. Bibi sikumwambia.

Mchana mmoja mwalimu alikuja. Alikuwa kijana, viatu vyake vimejaa vumbi la njia yote.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja kwa ajili ya huyu mtoto. Daktari ameandika kuwa amepona."

"Daktari ameandika karatasi," bibi alisema. "Mimi ndiye niliyemwona akiletwa, mguu unaning'inia."

"Atarudia darasa, bibi."

"Arudie. Darasa halina miguu, litamngoja."

Mwalimu akanigeukia. "Na wewe mwenyewe unasemaje? Unaweza kutembea?"

Hapo, rafiki yangu, ndipo ninapoona aibu hadi leo. Bibi alikuwa ananitazama, na nilimwona anavyoogopa. Lakini mimi pia niliogopa. Niliogopa njia, mawe, na watoto ambao wangekuwa wameshanipita. Kitandani nilikuwa najua kila kitu kilipo.

"Bado unauma," nilisema.

Mwalimu akausogelea ukuta, akautazama mlima wangu kwa muda. "Umeuchora vizuri sana," alisema. "Ila hujaweka njia ya kupandia." Akatoa vipande vya chaki za rangi mfukoni, akaviweka juu ya blanketi, akaenda zake. Bibi alifunga mlango taratibu. Siku ile alinipikia maharage na ugali mweupe wa wageni.

Zilipita kama wiki tatu. Jua lilikuwa kali. Nilikuwa nachora ukutani, nikachungulia nje kuangalia kivuli, nikamwona bibi katikati ya matuta ya nyanya ameinama. Kisha akapiga magoti. Kisha akalala kifudifudi, ndoo ikabingirika hadi kwenye maji. Niliita. Niliita tena. Nikakimbilia mlango, nikausukuma kwa bega, komeo la nje likagoma.

Sijui nilisimama pale muda gani. Najua tu kwamba niligeuka nikaliona dirisha, na kwa mara ya kwanza nikaliona kama mahali pa kupita. Nilipanda kitandani, nikatoa mguu mzima, nikatoa na ule mbovu, nikaangukia kuni. Nikashuka mteremko, mara kwa miguu, mara kwa makalio, huku nikimwita mgema kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Nilimfikia bibi kabla yake. Alikuwa wa moto kama jiko. Nilimmwagia maji ya kijito usoni kwa viganja, na mgema alipofika akambeba mgongoni hadi nyumbani. Ilikuwa malaria, na alikuwa hajala tangu jana yake.

Jioni alizinduka vizuri. Alinikuta nimesimama karibu na kitanda, na safari hii yeye ndiye aliyelala dirishani.

"Ulitokea wapi?" aliniuliza.

"Dirishani, bibi."

"Unaweza kutembea hivyo tangu lini?"

"Siku nyingi."

Alifumba macho. Nilifikiri amelala, lakini machozi yalikuwa yanatoka pembeni, yanaingia masikioni. "Na mimi nilijua," alisema. "Nikifika mlangoni nilikuwa nasikia unavyotembea."

Hakuniomba msamaha, wala mimi sikumwomba. Siku alipopata nguvu ya kurudi bustanini alivaa kitenge chake, akachukua ndoo na jembe, akatoka akauacha mlango wazi. Hakugeuka nyuma. Nilimtazama mpaka alipofika chini, nikavaa sare iliyokuwa imeshanibana, nikaenda shule nikichechemea. Kuhusu miguu ya darasa bibi alikosea, wenzangu walikuwa mbali sana.

Nyumba ile haipo tena. Mjomba aliibomoa, akajenga ya tofali za kuchoma, madirisha ya vioo, na jirani naye akapandisha ukuta, kwa hiyo ukikaa sebuleni unaona ukuta. Mlima wanauchonga kokoto upande wa juu. Mgema alihamia kwa wanawe, na bustani imekuwa njia ya pikipiki. Mwaka huu, baada ya Madibira, nilikwenda pale. Nilisimama nje, nikajaribu kuchora nikiwa nimesimama hivyo hivyo, upepo ukinipiga kila upande. Picha haikutoka vizuri. Nilivumilia mpaka nikaimaliza.

Bibi alimalizia miaka yake kwangu, Ipogolo. Nikichora alikaa nyuma yangu kimya, na kila nikiinuka kwenda nje aliniuliza naenda wapi, nitarudi saa ngapi. Ilinichosha. Mara nyingine nilimjibu vibaya. Mguu wangu mmoja ni mfupi kidogo, na watu wa hapa wanadhani nilizaliwa hivyo. Aliyenijua nikiwa nakimbia mlimani alikuwa yeye tu.