Vioo Vitatu vya Mwanangu

Mwanangu alizaliwa kijijini kwetu Elerai mwezi wa tisa tangu baba yake aondoke kwenda kazi ya reli, upande wa Moshi. Hesabu yangu ilikuwa sawa, ila midomo ya watu nayo ilikuwa na hesabu zake. Mtoto alipoanza kukaa, msafiri mmoja aliniletea ujumbe wa mume wangu: "Huyo mtoto, mtafutie baba yake." Sikulia mbele ya mgeni. Nililia nilipofika migombani.

Mama mkwe wangu, tuliyeishi naye boma moja, hakunisema wala hakunitetea. Mtoto mwenyewe hakuwahi hata kumbeba. Kimya kile kiliniuma kuliko maneno ya majirani.

Enzi hizo za Mjerumani nilikuwa nikipeleka maziwa misheni. Mke wa mchungaji alikuwa fundi wa kuchora nyuso kwa rangi, na kwa kuwa watoto hawatulii, aliwapiga picha kwanza, kisha akachora akiangalia kile kioo ambacho kamera za siku hizo zilinasia picha. Nikamwomba amchore wangu, nimpelekee baba yake. Mtoto alikuwa baba yake mtupu: paji lile lile, na nyusi moja iliyopanda kila aliposhangaa. Mume wangu angeuona uso ule, angejua. Yule mama alikubali bila kunihoji, na kwa hilo tu namshukuru hadi leo. Ila vioo vya kamera vilibaki vitatu, na wapagazi wa kuleta vingine wasingefika mpaka masika yaishe.

Kioo cha kwanza nilikiharibu mimi. Nilimnyoa mtoto, nikampaka samli mpaka akang'aa, nikampeleka saa sita mchana ili jua litusaidie. Picha iliposafishwa tukamwona mtoto aliyefumba macho, paji jeupe kama sahani.

"Samli hii ni ya kupikia, si ya kupigia picha," alisema mke wa mchungaji kwa Kiswahili chake cha vitabuni. Nikacheka kwa aibu.

Akaniagiza nije asubuhi, mtoto asipakwe kitu, akae barazani penye kivuli, mwanga umpate ubavuni. Kesho yake aliishusha kamera mpaka usawa wa macho ya mtoto, akapiga magoti sakafuni nyuma yake. Sikuwahi kuona Mzungu akimpigia magoti mtoto wetu. Nikaona kweli anautaka uso wake, si nguo zake.

Mama mkwe alikuwa amenifuata bila kusema. Kamera ilipofunguliwa tu, akapita mbele yangu, akamwinamia mtoto. Nilidhani anamnyakua. Kumbe alimtemea mate kichwani, kama wazee wetu wanavyowabariki watoto wa damu yao, kisha akageuka akalitemea na jicho la kamera. Kioo cha pili kikatoka ukungu mtupu.

Hasira zikanipanda. "Yeyo, umeniharibia!" nikamwambia, maana ndivyo nilivyomwita, kama mama yangu.

"Nimebariki," akajibu. "Kitu kinachomtazama mtoto wetu nacho kibarikiwe."

Mtoto wetu. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Hasira iliniisha palepale. Mke wa mchungaji alitoa leso, akapangusa lile jicho taratibu, akatia kioo cha mwisho.

Safari hii Yeyo aliketi karibu na kamera, akatoa sauti anayoitia ndama. Mtoto akainua kichwa, nyusi ikapanda.

"Huyo!" Yeyo akasema. "Hivyo hivyo baba yake alivyokuwa akinitazama."

Mchoro ulikuwa mzuri mno, nikaogopa hata kuushika. Tukamkabidhi msafiri aendaye Moshi. Siku chache baadaye mume wangu alitokea mlangoni, blanketi begani, akamchukua mtoto mikononi, akamkumbatia, asimwachie. Nikamuuliza kama picha ilimpendeza.

"Picha gani?"

Kumbe yeye na msafiri wetu walikuwa wamepishana njiani. Yeye alikuja kwa ujumbe wa mama yake, uliotumwa siku ile ile tuliyotoka misheni, nami sikuambiwa: "Mwanao nimemtemea mate kichwani. Rudi nyumbani."

Yeyo alikuwa mekoni akichochea moto, akijifanya hasikii. Nikamfuata. Nikamshika mikono yake yenye majivu, nikalia.