Maiki ya Nne

Siku tuliyozika watu ishirini na watatu, nilifungua maiki kwa nia mbaya kabisa.

Someni mpaka mwisho, ndipo mnitukane.

Mimi ni fundi wa vipaza sauti. Harusi, mikutano, misiba, popote penye mdomo na umeme nipo. Na niwaambie, fundi wa sauti anawajua wahubiri kuliko wake zao. Maiki inabanwa kwenye koti mapema, wao wanasahau, mimi nasikia kila kitu kwenye hedifoni.

Ndiyo maana niliacha kusali zamani.

Kiwanda cha nguo kiliporomoka Jumanne. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, alikuwa ghorofa ya pili. Tangu siku hiyo dada hakula, hakulia, hakusema hata neno moja. Siku nne! Nilikuwa naogopa tutarudi makaburini kuzika wa pili.

Jumamosi, ukumbini, majeneza yamepangwa mbele. Dada kakaa chini kando ya la mumewe, kama kisiki.

Akaja Mhubiri Suti. Jina hilo nimempa mimi. Watu wamefiwa, yeye kavaa nyeupe tupu, kiatu kinang'aa, na wapiga picha watatu nyuma yake. Mbwembwe kama bwana harusi!

Akiwa nyuma ya pazia, nikamsikia:

"Wanaolia wasogezwe mbele, kamera ziwaone. Na yule mjane aliyenuna mtoeni, anapoza ibada."

Aliyenuna? Dada yangu?

Nikasema, leo utanikoma. Rudia tu, ukumbi wote ukusikie. Yeye alikuwa maiki ya tatu. Kwa hasira sikutazama namba, nikafungua ya nne.

Ya nne ilikuwa kwenye stendi fupi pale kwenye majeneza, ya kusomea majina ya marehemu.

"Mwanangu, sogea kidogo nikae."

Sauti ya mwanamke, ukumbi mzima. Nikainua macho. Mfagiaji wa ukumbi! Yule mama wa ndala niliyemfokea asubuhi asikanyage nyaya zangu. "We mama, huna kazi nyingine?" Ndivyo nilivyomwambia.

Alikuwa amekaa sakafuni karibu na dada, ufagio mapajani. Hakujua anasikika.

"Maneno ya dini mimi siyajui," akasema. "Wangu ni yule pale, jeneza la saba. Sikuwa na mwingine ila huyo. Nimefagia tangu alfajiri, sasa pamekwisha, na mikono sijui niipeleke wapi. Nipe wako niushike."

Nilipaswa kuzima. Sikuzima.

Ikasikika pumzi. Kisha sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Jumanne.

"Mama... aliondoka hajanywa chai. Tuligombana."

Akalia. Jamani, alilia! Spika zangu zote zilijaa kilio chake, na ukumbi ukampokea. Watu wakaanza kutoka kwenye viti na kukaa sakafuni, mwenye marehemu na asiye naye, wakishikana mikono. Hakuna aliyewaambia.

Mimi mwenye mdomo mchafu nilihisi kuna Mtu ameingia mle ndani. Siwezi kueleza zaidi ya hapo.

Mhubiri Suti akatoka, akagonga maiki yake kwa kidole. Kimya. Akanipungia mkono nimfungulie. Nikamtazama, nikavua hedifoni, nikaenda kukaa sakafuni na wenzangu.

Jioni dada alikunywa chai, kikombe kizima. Mama wa ufagio ndiye aliyemshikia.

Nikamwomba yule mama msamaha kwa kumfokea.

"Kwani nyaya zako nilizikata?"

"Hapana, mama."

"Basi yameisha."

Somo? Wahubiri wa kamera bado nawadharau, msinibembeleze. Lakini miaka yote hiyo nilimhukumu Mungu kwa midomo ya watu hao, na asubuhi ile mimi mwenyewe sikuwa bora kuliko wao.

Kabla hujamfokea mtu kwa ajili ya waya, muulize kwanza jeneza lake ni lipi.