Pilau la Ijumaa kwenye Geti la Masista

Harufu ya maharage yanayoungulia ndiyo iliyonilea. Nyumba yetu ya Temeke ilipeana mgongo na sekondari ya wasichana ya masista, na moshi wa jiko lao la kuni ulihamia kwenye nguo zetu za kuanika. Wazee walisema palianza na kibanda cha mabati, masista wawili wa Kizungu wakifundisha wasichana kushona. Mie napata akili, tayari pana ghorofa, kanisa dogo na kengele iliyoamrisha mtaa mzima, Waislamu kwa Wakristo. Ikilia, mama anainjika sufuria. Ikilia tena, tunaitwa kuoga. Hakuna aliyetuandikisha, lakini ratiba tuliifuata.

Kisha dada yangu Mwanaidi akachaguliwa kuingia bweni. Wakamnyoa kipara, wakamvika sketi ya bluu, na Kiswahili kikimponyoka alitundikiwa kibao shingoni mpaka apatikane mwenzake wa kumrithi. Ukuta mmoja tu kati yetu, lakini kumwona ni Jumapili moja ya mwezi! Baba alikuwa ameshafariki, na baba mdogo, mwenye sauti nyumbani, hakuipenda shule yenye msalaba. Alishatangaza: "Siku wakimrudisha, hata kwa kosa la kijiko, harudi tena. Atakaa ndani asubiri mume."

Sasa mtu aliyesikia maneno hayo ungetegemea atulie. Wapi! Mama na mama mkubwa Zuhura walikata shauri kuwa mtoto amekonda. Jumapili ya kutembelea waliiona haifai. Chakula cha heri hupikwa Ijumaa, siku ya baraka. Wakapika pilau la ng'ombe, sufuria la shughuli, la kulisha bweni pamoja na masista wenyewe. Na ilikuwa Kwaresima. Mtaa mzima tuliishi kwa kengele ile, lakini nyumbani kwetu hilo hakuna aliyelijua!

Sista mkuu, mwanamke mrefu wa Moshi, alitukuta getini. "Mama, leo ni Ijumaa. Hapa nyama hailiwi."

"Ijumaa ndiyo yenyewe, sista," mama mkubwa akajibu kwa furaha. "Ipite hivihivi bila nyama? Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Madirishani wasichana walishajaa, pua mbele. "Mwanaidi, kumbe unaolewa leo?" mmoja akapiga kelele, kwa Kiswahili, kibao akakisahau. Sista akakunja uso. "Kama mnaona mtoto wenu anashinda njaa, mchukueni muondoke naye." Mwanaidi akaitwa. Akasimama pale na kipara chake, machozi yakimtiririka, na sote tukamwona baba mdogo akicheka kabla hata hajaambiwa.

Mama hakubishana. Alikaa chini kwenye vumbi, akafunua sufuria, akakunja mikono ya baibui, akaanza kuchambua nyama finyango kwa finyango na kuiweka kwenye mfuniko. "Nyama naitoa, sista. Mtoto niachie."

"Na viazi navyo vitoke?" mama mkubwa akauliza, amenuna.

Sista akatazama ile mikono iliyojaa mafuta. Akacheka. "Viazi havina kosa, mama. Mwanaidi, rudi darasani."

Wasichana wakala wali. Mie nikapewa mfuniko wa nyama, nikajiona nimeshinda duniani.

Leo malori yangu yanabeba makontena Kurasini, nina nyumba Tegeta yenye geti linalofunguka lenyewe, na hayo yote kwa darasa la saba. Sijisifu, pitia uone. Mwanaidi ni mwalimu. Mkataba wa Kiingereza ukija nampigia anisomee, naye hucheka kwanza. Binti yangu yuko kidato cha pili palepale kwa masista. Geti lina kamera, na wazazi wenye shahada zao wanaficha kuku ndani ya taulo, kisha wanalalamika kwenye simu kutwa nzima eti sheria za masista zimezidi. Wananichosha! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini sijamwona hata mmoja aliyekaa chini vumbini.

Siku ya kutembelea nilimsimulia binti yangu kisa hiki, jinsi shangazi yake alivyopata wali, mie nikapata nyama.

"Sasa baba, nani alifaidi?"

Nikamwambia akimbie, kengele imelia. Ilikuwa bado.