Kondoo Sita na Asilimia Themanini na Tisa

Aibu yangu ilitoka katikati ya tumbo la kondoo, mbele ya wakwe, huko Embu, na mimi ndiye nilikuwa nimembeba. Nimesimama na suti ya kuazima, kondoo amefungwa leso kama mtoto wa kupelekwa kliniki, shangazi ya bibi arusi, anaitwa Ciarunji, amenyoosha mikono ampokee, na huyo mnyama akaamua ni hapo hapo atakojoa. Sasa, mtu yeyote aliyefuga anajua kondoo jike hukojolea nyuma na dume hukojolea katikati ya tumbo (na pale hakukuwa na mtu hajafuga). Mkojo ukashuka katikati, ukapita kwa leso, ukaingia kwa kiatu changu. Ciarunji akarudisha mikono.

“Baba Muthomi,” akaniuliza polepole, “hii ndiyo mwati?”

Mwati ni kondoo jike ambaye hajazaa. Tulikuwa tumeahidi wawili, na bila hao mahari haifunguliwi, mnakunywa chai mnarudi kwenu, na kijana wangu Muthomi hana bibi.

Mimi sikusoma sana, niliachia darasa la sita, lakini wenye makosa nawajua. Wa kwanza ni Muthomi mwenyewe, bwana arusi, mwalimu wa hesabu Meru mjini. Wa pili ni Mbijiwe, binamu yangu, msemaji wetu, ambaye ile siku ya kwanza kwa wakwe alishiba akasimama akaapa kwamba hakuna mnyama wa soko ataingia boma lao, mwati wote watakuwa na mkato wa sikio wa zizi letu. Na mwati sikuwa naye hata mmoja. Nilikuwa na kondoo sita wenye mimba.

Tukifika nyumbani mke wangu Kanana akasema, “Nenda soko ya Kianjai ununue wawili wadogo kabisa, kabla hawajakatwa masikio, tuwakate yetu. Nani atajua?” Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya akili. Lakini Muthomi akaokota kijiti, akachuchumaa, akaanza kuandika kwa vumbi.

“Baba, kila kondoo akizaa ni kama kurusha shilingi, dume au jike, nusu kwa nusu. Wakizaa wote sita, mambo yanaweza kwenda kwa njia sitini na nne. Wote kuwa madume ni njia moja tu. Jike mmoja peke yake ni njia sita, kwa sababu anaweza kutoka kwa yeyote kati ya hao sita. Hizo saba ndizo mbaya. Zingine hamsini na saba zote tuna mwati wawili au zaidi. Ni asilimia themanini na tisa.”

Sasa mimi nikisikia themanini na tisa, nasikia A. Huyo huyo Muthomi akileta themanini na tisa kutoka shule tulikuwa tunachinja kuku. Mtoto wa themanini na tisa amepita, hakuna mtu anauliza zile kumi na moja zilienda wapi. Nikamwambia Kanana, soko ya nini, tumeshapita.

Wa kwanza akazaa dume. Wa pili dume. Wa tatu, dume. Nikampigia Muthomi simu.

“Sasa ni nusu, Baba.”

“Nusu namna gani na ulisema themanini na tisa?”

“Hiyo ilikuwa kabla hawajaanza kuzaa.”

Nikamwambia basi zamu ya majike imefika, madume wametosha. Akaniambia kondoo hajui mwenzake alizaa nini. (Hiyo angeniambia mapema.) Wa nne akazaa dume, ikawa robo. Wa tano dume, nikapiga simu tena, kijana akasema, “Sasa ni sifuri.” Wa sita akazaa jike, mrembo, wa kunicheka.

Nikataka kununua mmoja, lakini wa sokoni wakati huo wote walikuwa na mkato wa watu wengine, na Mbijiwe akasema kiapo ni kiapo, tupeleke yule jike, na dume mmoja tumfunge leso, nani humfunua kondoo siku ya mahari? Nikakubali. Jike akapokelewa kwa vigelegele. Wa pili mmeshasikia.

Tulirudishwa kabla ya chakula. Wakwe wamesema turudi na mwati wanne, na mtu wa kueleza. Mbijiwe hashiki simu. Muthomi nilimuuliza, akanijibu bila haya kwamba hesabu yake haikukosea, kwamba kati ya maboma tisa kama letu ni lazima moja hivi liaibike, na safari hii lilikuwa letu.

Basi aje nyumbani, avue hiyo tai ya ualimu, akae mbele yangu na mbele ya Ciarunji, anitajie hayo maboma mengine manane ni ya akina nani, na ni nani alichagua langu. Namngoja anijibu.